Kiyoyozi cha Watu Ishirini na Watatu

Mama mkwe wangu, Bi Bakhita, hapendi kuhurumiwa. Nalitanguliza hilo ili mtu asije akadhani naandika habari za bibi mnyonge aliyeonewa na mke wa mwanawe. Mke wa mwanawe ni mimi, Nawar, na katika miaka kumi na tisa ya ndoa nina orodha yangu ndefu ya mambo niliyofanyiwa, nikiulizwa nitaisoma. Lakini mwaka huu, tangu katikati ya Mei hadi mwisho wa Juni, nilimchukulia kitu anachokithamini kuliko nyumba yenyewe. Nilikichukua kwa adabu, nikicheka, nikiwa nimevaa nguo nzuri. Nilimchukulia Ijumaa yake.

Nieleze. Kila Ijumaa baada ya swala, ukoo wetu wote hula chakula cha mchana kwa Bi Bakhita, mtaa wa Ghubra hapa Maskati, katika nyumba aliyoijenga marehemu mumewe, Bwana Thabit, mwaka wa tisini na sita. Huja mume wangu Jaifar, ambaye ni mtoto wake wa kwanza, huja wifi zangu wawili na waume zao, wajukuu, dada yake na watoto wa dada yake, na jirani mmoja mjane ambaye hakuna anayekumbuka alianza lini kuja. Ukimtia na Nakimuli, mfanyakazi wa nyumbani kwake kutoka Uganda, wakitimia wote ni watu ishirini na watatu. Bi Bakhita hupika mwenyewe. Nakimuli ana ruhusa ya kumenya vitunguu na kukuna nazi, lakini kutia chumvi hapana, na hata mimi sina ruhusa hiyo.

Tunakula chini, ukumbini, masinia manne, wakati mwingine matano. Yeye hakai. Husimama kwenye mlango wa jikoni akitazama sinia gani limepungua mchuzi na nani hajapata ndizi. Watu wakishashiba, wakaanza kunyoosha miguu, ndipo anaporudi jikoni, akavuta kigoda, akala ukoko chini ya sufuria pamoja na Nakimuli. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiona ni ukaidi tu. Nilikuwa nikimwambia Jaifar, mama yako anataka tumwonee huruma.

Bi Bakhita alizaliwa Unguja mjini, akaja Maskati na wazee wake akiwa msichana. Akapata kazi ya simu hospitalini, ile ya kupokea na kuunganisha, akaifanya miaka ishirini na sita. Zamani ukipiga simu kumuulizia mgonjwa wako, sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa yake. Anasema kazi ile ilimfundisha mambo mawili: kuhesabu watu, na kutomwacha mtu akining'inia kwenye laini. Mpaka leo akiingia mahali huhesabu kwa sauti, bila haya, akinyoosha kidole. Harusini, hitimani, hata kwenye foleni ya daktari.

Na nyumbani kwake kulikuwa na baridi. Hapo ndipo mkasa wenyewe ulipo. Bwana Thabit alipojenga alifunga mtambo mmoja mkubwa juu ya paa, baridi ikapita kwenye mifereji ya dari na kushuka kila chumba, ukumbini kupitia matundu sita. Mtaa mzima haukuwa na kitu kama kile wakati huo. Mtambo ulitengenezwa mara nyingi, ukabadilishwa hiki na kile, ukawa unanguruma na kutikisa mabati ya banda la tangi la maji, lakini ulifanya kazi. Hadi Alhamisi moja ya mwezi wa Mei, joto likiwa limeshapita nyuzi arubaini na nne, ukakohoa mara tatu ukanyamaza.

Fundi alipanda paa, akashuka na uso umemwiva. Alisema kompresa imeungua, na gesi inayotumiwa na mtambo wa zamani vile sasa ni tabu kuipata. Hautengenezeki tena, alisema, panahitaji kitu kipya.

Jaifar akampigia mama yake simu nikiwa nimekaa pembeni.

"Mama, Ijumaa hii watu waje kula kwetu. Wiki moja tu, mpaka tujue la kufanya."

Nyumba yetu iko Mawaleh. Ina miaka miwili, kila chumba kina kiyoyozi chake kipya, kimya, na sebule ni pana. Nilifurahi. Siwezi kusema uongo, nilifurahi mpaka nikaenda kununua masinia mapya. Miaka kumi na tisa nakula kwa watu, sasa ukoo wote utakula kwangu, watasema pilau ya Nawar, watakaa watakapo wakilala usingizi wa mchana kwenye mito yangu. Bi Bakhita tulimkodia kiyoyozi kidogo cha magurudumu cha chumbani, kile ambacho bomba lake hutolewa dirishani, akawa analala hapo yeye na Nakimuli. Jaifar alimwomba ahamie kwetu. Alisema ana kuku wa kuwalisha. Kuku ni watatu.

Ijumaa ya kwanza alikuja na sufuria lake. Alikuwa amepika Ghubra kwenye lile joto, tangu alfajiri, na Nakimuli amelibeba ndani ya gari mapajani kwa kitambaa.

"Wallahi Madam, jikoni ilikuwa kama ndani ya oven," Nakimuli aliniambia mlangoni. "Mimi nimemwambia Mama apumzike. Hasikii."

Kukawa na pilau mbili. Watu wakala zote, lakini ya kwangu ilibaki zaidi, na hilo nililiona. Kwa hiyo Ijumaa ya pili nilimpigia mapema nikamwambia, "Mama, usijisumbue. Njoo mikono mitupu." Nilisema kwa mapenzi. Huenda na kwa hila kidogo. Akaja mikono mitupu, na kila mara alipotaka kuinuka kwenda jikoni kwangu nilimshika bega. "Kaa, Mama, usijisumbue." Alikaa, lakini mikono yake haikujua ikae wapi.

Ijumaa ya tatu ndiyo iliyoniumbua. Mimi nimezaliwa Matrah, hapa hapa Maskati, na mama yangu alinilea kwa adabu za kukirimu watu kama vile kuna mtihani utakaofanywa. Nilimkalisha Bi Bakhita kwenye godoro la mbele, chini ya kiyoyozi, mahali pa baridi kuliko pote. Kahawa nikammiminia yeye kwanza. Sinia lake nikaliwekea minofu. Watu walipokwisha kula na kunawa, nikaleta chetezo cha udi, na moshi wa kwanza nikampelekea yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Aliyekulia hapa ameshajua kosa langu. Chetezo hakipitishwi kwa wenyeji. Wenyeji hufukiza nyumba yao na nguo zao watakapo. Kinapopitishwa mtu hadi mtu baada ya kula, hiyo ni heshima ya mgeni, na mgeni mwenye adabu akishafukizwa huaga. Wengine walikuwa katika mazungumzo yao, wanacheka, hakuna aliyewaza. Bi Bakhita alikitazama kile chetezo. Akafukiza ncha ya mtandio wake upande huu, akafukiza upande wa pili, akainuka.

"Ahsanteni," alisema. "Nishafukizwa, niende zangu."

Ilikuwa saa nane unusu. Kwake Ijumaa watu huondoka magharibi.

"Mama, mbona mapema?" Jaifar akauliza.

"Kuku," alisema.

Nilimsindikiza mlangoni. Nakimuli alikuwa akitafuta viatu, na Bi Bakhita alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umenikirimu, mwanangu. Mungu akulipe kheri." Maneno mazuri, lakini ni ya kumwambia mtu baki uliyekula kwake ukiwa safarini.

Nilikasirika kwanza. Nilimwambia Jaifar, mama yako haridhiki, nimemweka kichwani anataka nimweke wapi tena? Jaifar akasema mama amechoka tu, joto. Nikaingia kuosha vikombe vya kahawa, na katikati ya kuosha nikaona haya, peke yangu, mikono ikiwa majini. Lakini kuona haya ni kitu kimoja na kurudisha ulichochukua ni kitu kingine. Ijumaa ya nne nilipika tena.

Wiki hiyo Jaifar alikuwa na kazi nyingi, akanituma nimpeleke mama yake kutazama viyoyozi dukani, Khuwair, karibu na ofisi ninayofanyia kazi. Ningekuwa na picha ya siku ile ningewaonyesha. Duka zima limejaa mashine nyeupe zimetundikwa ukutani, na mama mkwe wangu anapita akiweka kiganja mbele ya kila moja, kisha sikio.

Muuzaji, kijana mwenye subira, alimsifia moja. "Hii, Mama, huwezi kuisikia kabisa. Kimya."

"Nitajuaje kama imekufa?"

Muuzaji akanitazama mimi. Nikatazama bei ya kitu kingine.

Alipita zile ndogo zote, akasimama mbele ya mashine mbili kubwa za kusimama chini, ndefu kama kabati la nguo. "Hizi zinatosha ukumbi?" aliuliza. Muuzaji alimwuliza ukumbi una ukubwa gani. Akajibu kwa idadi ya watu, bila kutaja hatua wala mita: "Wa watu ishirini na watatu." Mimi nikasema haraka kwamba kwanza mhandisi atakuja nyumbani kupima, ndipo tutaamua. Nilijua Jaifar anataka nini. Alishaniambia: mama anaishi vyumba vitatu, tumwekee viyoyozi viwili vidogo, chumbani na sebule ndogo, na ule ukumbi tuufunge. Kwa hesabu ya umeme alikuwa na haki. Na mimi nilinyamaza, kwa sababu ukumbi ukifungwa, Ijumaa inabaki Mawaleh.

Tulirudi garini. Nje kulikuwa kunawaka, usukani haushikiki, nikawasha gari tukakaa tukingoja lipoe. Alikuwa ametazama mbele, pochi mapajani.

"Unajua Ijumaa hii haikuwa yangu?" alisema.

"Ipi, Mama?"

"Ya Ghubra. Ilikuwa ya Mama Fajr."

Bi Fajr ni mama yake Bwana Thabit. Mimi sikumkuta, ila picha yake iko ukumbini. Bi Bakhita akanisimulia. Kumbe zamani watu wote walikuwa wakila kwa Bi Fajr, Matrah, nyumba ya ngazi nyingi nyuma ya soko, chumba kimoja tu kina kiyoyozi cha dirishani, na kelele zake watu wanazungumza kwa kupiga ukelele. Walikula hivyo miaka na miaka.

"Thabit alipomaliza nyumba ilikuwa mwezi wa sita," alisema. "Miye mwenyewe nikamwambia mkwe wangu, Mama, wiki hii watu waje kwetu, kuna baridi nyumba nzima. Wiki moja tu."

"Kisha?"

"Wiki hiyo haijesha mpaka leo."

Nikaongeza baridi ya gari, bila sababu. Sikujua nifanye nini na mikono.

"Miaka tisa alikuja," alisema Bi Bakhita. "Nkimkalisha chini ya tundu, pale pa baridi. Kahawa yeye mwanzo. Udi yeye mwanzo. Watu wakinisifu, Bakhita anamjua mkwewe. Na miye nkijisifu. Siku moja, watu wanakula, akanivuta kanga, taratibu, akanambia, 'Bakhita, nipe ukoko.' Nkaona haya. Mtu mzima yule, mbele za watu, nimpe ukoko? Watasema nimempa makombo. Nkamletea wali wa juu, mweupe, na minofu. Akala, akashukuru. Hakuniomba tena kitu mpaka kufa kwake."

Machozi yalinijia, nikayarudisha, maana nilijua hayatapokelewa vizuri.

"Sikukwambia ulie," alisema. "Weye una tabia ya kulia. Endesha gari."

Nikaendesha. Kutoka Khuwair hadi Ghubra si mbali, lakini siku ile taa zote zilikuwa nyekundu. Nilikuwa nikitaka anilaumu kwa mdomo wake, ili nami nijitetee, kwa sababu utetezi nilikuwa nao: nimemheshimu, nimemlisha, nimemweka mbele. Ndiyo yale yale aliyomfanyia Bi Fajr, na alinihesabia moja baada ya moja kabla sijafungua mdomo. Nilifahamu pia kwamba hakuwa ananiomba kitu. Alikuwa akinieleza nitakavyokuwa nikifika umri wake.

Jumamosi mhandisi alikuja Ghubra. Jina lake Sinan, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, bibi yake ni mtu wa Pemba kwa hiyo Kiswahili anakisikia na kukisema kwa kuchanganya. Alimwita Bi Bakhita khala, kama vijana wa hapa wanavyowaita wanawake wa rika la mama zao. Alipima vyumba kwa kile kidude cha mwanga mwekundu, akatazama madirisha yanaelekea wapi, akapanda paa kuona maiti ya mtambo. Kisha tulikaa ukumbini, sote tunavuja jasho, mlango umefunguliwa na feni imewashwa, akatoa fomu yake.

"Mifereji ya dari imeoza, khala," alisema. "Mtambo mwingine juu ya paa itakuwa kupoza dari, na wewe huku chini hupati kitu. Bora mashine za ukutani, kila chumba peke yake. Sasa nambie, nyumba hii ina watu wangapi?"

"Mmoja," alisema Jaifar.

"Wawili," alisema Bi Bakhita. "Nakimuli ni mti?"

Nakimuli alikuwa amesimama na sinia la kahawa na tende. Aliinamisha kichwa akatabasamu kidogo, na Jaifar akasema, "Wawili, wawili, nisamehe." Sinan akaandika wawili. Akasema basi chumbani mashine yenye nguvu ya kupoza ya tani moja, sebule ndogo tani moja na nusu, yatosha kabisa, na umeme hautapanda.

"Na ukumbi huu?" akauliza.

"Tutaufunga," alisema Jaifar. "Hautumiki."

Nilimtazama Bi Bakhita. Nilingoja aseme. Mwanamke aliyejibu simu za mji mzima, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu nimjue, alikuwa ameshika kikombe cha kahawa na anakitazama ndani. Hakunitazama mimi, na hilo ndilo lililonishinda. Angenitazama ningekaza moyo. Nilijua anakubali, kama Bi Fajr alivyokubali wali mweupe. Kalamu ya Sinan ilikuwa inashuka kwenda mstari wa pili.

"Andika ishirini na watatu," nilisema.

Sinan akainua uso. "Nini?"

"Ukumbi huu una watu ishirini na watatu. Kila Ijumaa, kuanzia saa saba mchana hadi magharibi."

"Nawar," Jaifar alisema polepole, kama anamwamsha mtu, "hao wanakula kwetu sasa."

"Walikuwa wakila kwetu. Wiki moja, ulisema. Imekwisha."

Alinitazama kama mtu aliyekuta gari lake limehamishwa. Ni mimi niliyenyamaza wiki iliyopita aliponiambia ukumbi ufungwe. Ni mimi niliyenunua masinia. Lakini Sinan, Mungu amjalie, alikuwa mtu wa kazi yake tu, hakujali ugomvi wa watu. Alikuwa amekwisha kufuta na kuandika upya.

"Ishirini na watatu, hiyo ni hesabu nyingine," alisema. "Kila mtu ana joto lake, khala. Mwili wa mtu ni kama taa imewashwa. Hapo weka na masinia ya moto. Hapa panataka mbili kubwa, moja huku moja kule."

"Kila mtu ana joto lake," Bi Bakhita alirudia. Lilimpendeza hilo. Nilimwona analiweka mahali. "Na siku nyingine nitazizima. Sitapoza mito isiyo na watu."

"Na mlango wa jikoni ufungwe, khala, daima. Ukiacha wazi, joto la jiko litakushinda."

"Nitaufunga."

Jaifar akatoka nje kupiga simu ambayo haikuwa na haraka. Bi Bakhita akaniambia nimletee Sinan maji. Nitasema ukweli wote kwa kuwa nimeshaanza: nilipofika nyumbani jioni ile nikaona yale masinia mapya kwenye kabati, nilijuta. Nilijuta kweli, kwa nusu saa nzima. Nilikuwa mtu wa Ijumaa kwa wiki nne na nilikuwa hodari.

Mashine zilifungwa wiki ya mwisho ya Juni. Ijumaa ile mimi nilichelewa. Nilimwambia Jaifar atangulie na watoto, nina kichwa kinaniuma, na kichwa hakikuwa kinaniuma sana. Nilifika saa saba na robo nikidhani wameshaanza. Nikafungua mlango wa ukumbi, baridi ikanipiga usoni, na watu wote wamekaa, masinia yamefunikwa, hakuna aliyegusa. Bi Bakhita yuko katikati, kidole hewani.

"Ishirini na watatu," alisema. "Haya, bismillahi."

Mashine mpya zilikuwa kimya kama muuzaji alivyoahidi. Kwa nusu ya kwanza ya chakula Bi Bakhita aliziendea mara mbili kuweka sikio. Kila mtoto aliyekwenda jikoni kuchukua maji alifuatwa na sauti moja: "Mlango!" Watu walicheka, wakawa wanaitikia wote pamoja, "Mlango!" Dada yake alikuwa akisema pilau ya leo ina nguvu. Jaifar alikula chakula cha watu wawili, na alipoona namtazama akaona haya akatazama achari.

Mimi nilikalishwa mbele. Bi Bakhita mwenyewe alinishika mkono akanipeleka kwenye godoro lililo chini ya mashine ya upande wa kulia, mahali pa baridi kuliko pote. Kahawa alinimiminia mimi kabla ya dada yake. Upande wangu wa sinia aliuwekea minofu, na wali wa juu, mweupe, chembe moja moja. Alikuwa akinishukuru. Hana njia nyingine ya kushukuru zaidi ya hiyo, hakufundishwa nyingine, na mimi pia sikufundishwa. Nilikula. Ulikuwa mtamu. Na kadiri nilivyokula ndivyo nilivyojihisi mbali, nimekaa pazuri, nimependeza, natazamwa kama niliye pichani. Nikaitazama ile picha ya Bi Fajr ukutani, mtandio mweupe, uso mpole wa mtu anayengoja kuruhusiwa kuondoka.

Watu walipoanza kunyoosha miguu nikainuka. Nilifungua mlango wa jikoni, joto likanipokea. Bi Bakhita amekaa kwenye kigoda, Nakimuli kwenye ndoo iliyogeuzwa, sufuria lipo kati yao, na mwiko mkononi.

Bi Bakhita akataka kuinuka. "Unataka nini? Nitakuletea. Kaa ndani kwenye baridi, mwanangu, usijisumbue."

"Nataka ukoko," nilisema.

Mwiko ulisimama. Alinitazama, kisha akatazama ndani ya sufuria kana kwamba kuna mtu amemwita kutoka humo. Akavuta ncha ya kanga akajifuta uso wote, macho na shingo. Jikoni pale palikuwa na joto, kwa hiyo sina la kusema zaidi.

"Umeungua huu," alisema mwisho. Sauti haikuwa ile ya simu.

"Hivyo hivyo."

Nakimuli alisogea. "Karibu, Madam, kaa hapa," akaniachia nusu ya ndoo. Nikakaa na gauni langu la Ijumaa, goti kwa goti na mama mkwe wangu. Akakwangua. Kilitoka kipande kikubwa, cheusi upande mmoja, kina mafuta na iliki, akakimega vipande vitatu kwa mkono, akanipa cha kwanza. Kisha akasita, akakichukua kile cha kwanza mkononi mwangu akampa Nakimuli, na mimi akanipa cha mwisho, kidogo, alipochukua na chake, kama wapewavyo wenyeji.

Tukala. Kilikuwa kigumu na kichungu kidogo, na sijala kitu kitamu kama kile mwaka huu. Mjukuu mmoja akaingia kuchukua maji, akatoka mbio akaacha mlango wazi, na baridi ya ukumbini ikaanza kutambaa sakafuni mpaka miguuni kwetu. Nikajiinua nikaufunge kabla mama mkwe wangu hajapiga kelele.

"Uache," alisema Bi Bakhita, mdomo umejaa. "Na siye tupate."